Lori linapolala upande mmoja: jinsi ya kutafuta upepo unaovuja kwenye springi za semi

Jioni dereva anaegesha semi lake Makambako likiwa limesimama sawasawa, mahindi yamefunikwa turubai, safari ya Dar es Salaam inamsubiri. Alfajiri anashuka kutoka kabini na kukuta gari limelalia kushoto kwa nyuma, tairi zimekaribia kugusa madigadi. Anawasha injini, anasubiri kama dakika kumi, na gari linajiinua polepole mpaka mahali pake. Anafunga mlango na kuondoka. Usiku unaofuata ni yale yale.

Wanaoishi kando ya barabara kuu ya Tunduma wameliona lori la namna hiyo, na wakulima wengi wamewahi kuambiwa mzigo wao umechelewa kwa sababu "gari limekosa upepo". Maneno hayo hutumika kwa hitilafu nyingi tofauti. Hapa tunaeleza moja tu: upepo unaovuja kwenye springi za upepo, jinsi ya kujua unatokea wapi kabla spana haijaguswa, na kazi ipi isifanywe porini. Tundu lenyewe mara nyingi halina gharama kubwa. Pesa huishia kwenye kubahatisha: leo unabadilishwa mfuko, kesho valvu, keshokutwa kompresa, na gari bado linalala.

Mifuko ya mpira inayobeba mzigo

Malori ya zamani yalibebwa na springi za chuma, na mengi bado ni hivyo. Lakini semi nyingi zinazoletwa zikiwa zimeshatumika Ulaya zina mifuko minene ya mpira iliyojazwa upepo, iliyokaa kati ya ekseli na chesisi. Usiichanganye na ile inayofumuka mbele ya dereva gari linapogonga. Hii inabeba mzigo muda wote, usiku na mchana.

Ulaya waliipenda kwa sababu inatunza mzigo na barabara, na sheria nayo ikaisukuma. Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu ekseli mbili za pamoja za kuendesha gari zibebe tani 19 badala ya 18, mradi ziwe na matairi mawili mawili na springi za upepo au zinazolingana nazo. Ndiyo maana gari linashuka bandarini Dar es Salaam likiwa na mifuko hata kama mnunuzi hakuitafuta. Mara nyingi kichwa ndicho chenye mifuko, na tela lililoundwa hapa nchini likawa na springi za chuma. Matela yaliyotoka Ulaya huja na mifuko yake.

Upepo unaanzia kwenye kompresa inayozungushwa na injini. Unapita kwenye kikausha upepo kinachoondoa unyevu, kisha unaingia kwenye matangi. Hapo kuna jambo ambalo ukilielewa umeshafika nusu ya safari: breki hupewa upepo kwanza. Springi, kiti cha dereva, honi na vifaa vingine hupata upepo kupitia valvu ya ulinzi, ambayo haifunguki mpaka matangi ya breki yawe na kiasi cha kutosha. Upepo ukishuka chini ya kiasi hicho, valvu inajifunga ili mfuko uliopasuka usimalize upepo wa breki.

Baada ya valvu ya ulinzi, upepo unafika kwenye valvu ya kusawazisha. Hii imefungwa kwenye chesisi, na ina mkono mdogo uliounganishwa na ekseli kwa kifimbo. Ukipakia mzigo, chesisi inashuka, mkono unasukumwa juu, na valvu inaruhusu upepo uingie kwenye mifuko mpaka gari lirudi kwenye kimo chake. Ukishusha mzigo, chesisi inapanda, mkono unashuka, na valvu inatoa upepo wa ziada nje. Mlio wa "pshiii" unaousikia magunia yanaposhushwa ni wa kawaida, kama ulivyo mlio mkali wa kikausha upepo kinapotema maji na uchafu kompresa ikishajaza matangi. Kuna mafundi wanaoanza kufungua vitu kwa kusikia mojawapo ya milio hiyo miwili.

Usiingie chini bado

Mtu aliyelala chini ya semi lenye springi za upepo yuko chini ya chesisi inayoweza kushuka bila kuonya. Mfuko ukipasuka, au paipu ikichomoka mkononi mwako, nafasi iliyokuwa inakutosha kifua inapotea papo hapo. Hata kuugusa mkono wa valvu ya kusawazisha kunatosha kulipandisha au kulishusha gari.

Kwa hiyo egesha mahali tambarare na pagumu, weka kabari mbele na nyuma ya matairi, na kama ni lazima mtu aingie chini, chesisi ishikiliwe na stendi za chuma au magogo magumu yaliyopangwa vizuri. Jeki peke yake haitoshi. Usifungue kiungio chochote cha mfuko kabla upepo wake haujatolewa wote. Usiweke mkono kati ya tairi na chesisi, wala kati ya mfuko na bakuli lake la chini. Utingo ajue kwamba hakuna kuwasha injini wala kugusa swichi ya kupandisha gari mpaka aliye chini atoke na kuonekana.

Uchunguzi mwingi unaoelezwa hapa unafanyika ukiwa umekaa kabini au umesimama pembeni.

Geji inasema mengi kuliko watu wanavyodhani

Anza na dashibodi. Washa injini, acha upepo ujae mpaka kompresa iache kujaza. Kwenye malori ya Kimarekani hiyo huwa karibu psi 120 au zaidi kidogo. Malori mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni hufika kati ya baa 10 na 12.5. Kabari zikiwa zimekaa imara, achia breki ya maegesho, zima injini, kisha rudisha swichi ili geji ifanye kazi. Usikanyage breki. Subiri mshale utulie, halafu hesabu dakika moja.

Madereva wa Marekani hufundishwa kipimo hiki kabla ya kupewa leseni ya malori makubwa: kichwa kikiwa na tela, bila kukanyaga breki, upepo usipungue zaidi ya psi 3 kwa dakika, gari moja bila tela, psi 2. Wakikanyaga na kushikilia breki, kinaongezeka kidogo: psi 4 kwa kichwa na tela, psi 3 kwa gari moja. Ni kipimo cha breki, lakini kinakupa mahali pa kuanzia. Simu yako inasaidia hapa. Rekodi video ya geji kwa dakika nzima, rudia breki ikiwa imekanyagwa, na fundi aliye mbali atakuwa na kitu cha kuangalia badala ya maelezo ya "unashuka shuka".

Mshale ukishuka polepole wakati hujakanyaga, na ukakimbia ghafla ukikanyaga, tafuta kwenye breki: mipira ya ndani ya vikombe vya breki, hosi za kwenye magurudumu, valvu za breki. Hilo si tatizo la springi, na gari hilo lisiondoke. Kasi ya kushuka ikibaki ile ile, ukanyage usikanyage, endelea.

Sasa usiondoe macho kwenye mshale. Kwenye magari mengi utashuka, utashuka, halafu utasimama. Mara nyingi husimama mahali fulani kati ya psi 65 na 85, yaani baa 4.5 hadi 6 hivi, kutegemea gari. Hapo ndipo valvu ya ulinzi imejifunga. Ukisimama hapo na kubaki, mvujo uko upande wa pili wa valvu, kwenye springi au vifaa vingine visivyo vya breki. Mshale ukipita hapo na kuendelea mpaka king'ora cha upepo mdogo kilie, ambacho kwa malori ya Kimarekani hutakiwa kulia kabla ya kufika psi 60, basi ama breki zenyewe zinavuja, ama valvu ya ulinzi haifungi. Yote mawili ni hatari mlimani, na mlima kama Kitonga hausubiri mtu agundue hilo katikati ya kona.

Lipo pia gari ambalo mshale wa breki hausogei kabisa ingawa asubuhi mifuko imelala. Hilo lina tangi la pekee la springi, au mfumo wake wa springi unaendeshwa na umeme. Tutalifikia.

Ni kichwa au ni tela?

Kama tela nalo lina mifuko, litenge. Kwenye lori la Kimarekani kuna kitufe chekundu kinachofunga upepo wa tela. Kwenye magari mengi ya Ulaya utachomoa hosi nyekundu nyuma ya kabini, na kiunganishi cha upande wa kichwa hujifunga chenyewe. Tela litashika breki zake, na ndivyo linavyotakiwa kufanya. Rudia kipimo cha dakika moja. Mshale ukitulia, kichwa kiko salama na kazi imehamia kwenye tela. Mshale ukishuka vile vile, acha tela. Ukishuka kwa kasi iliyopungua lakini bado unashuka, una mivujo miwili, na usishangae; gari lililotembea miaka kumi huwa nayo.

Upande uliolala unasema nini

Watu wengi hukosea hapa. Gari likilala kushoto, wanabadilisha mfuko wa kushoto. Kabla ya hapo chungulia chini, ukiwa nje, uhesabu valvu za kusawazisha. Kama ekseli za nyuma zina valvu moja tu, mifuko ya kulia na ya kushoto imeunganishwa na upepo unatembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tundu dogo la mfuko wa kulia linaweza kushusha pande zote mbili pamoja, na gari likalalia kushoto kwa sababu tu magunia yamezidi kushoto au ardhi imeinama. Kwenye mfumo wa valvu moja, upande uliolala hauthibitishi kitu.

Kama kuna valvu mbili, moja kila upande, upande uliolala ni ushahidi mzuri: mvujo uko kwenye mifuko, paipu au valvu ya upande huo.

Gari zima likishuka nyuma sawasawa, pande zote kwa kimo kimoja, angalia kwanza vitu vinavyohudumia pande zote: paipu inayotoka kwenye valvu ya ulinzi, valvu moja ya kusawazisha, na ile valvu inayoongozwa na swichi ya kabini kwa ajili ya kushusha gari wakati wa kuunganisha tela. Hii ya mwisho husahaulika sana. Vumbi likiingia ndani yake haifungi vizuri, na upepo hutoka kidogo kidogo usiku kucha.

Pima kwa futi ya fundi kuliko kwa macho. Jioni, gari likiwa limesimama sawa, pima kutoka chesisi hadi katikati ya gurudumu, kushoto na kulia, uandike. Alfajiri pima tena kabla ya kuwasha.

Sikio, kisha sabuni

Muda mzuri wa kusikiliza ni alfajiri au usiku, injini imezimwa na majenereta ya jirani yamenyamaza. Jaza upepo, zima, zunguka gari polepole. Mvujo mkubwa utausikia. Usiufuate kwa kiganja, kwa sababu upepo huo hurusha mchanga na kutu usoni na machoni. Wapo wanaopitisha moto wa kiberiti kwenye viungio waone ukiyumba. Kwenye gari lenye dizeli na grisi chini yake, huo ni ujasiri usio na faida.

Mvujo mdogo unahitaji povu. Changanya maji na sabuni ya kuoshea vyombo kwenye chupa ya kupulizia, au tumia brashi ya rangi. Gari liwe limejaa upepo na limeinuka, kwa sababu mpira uliopasuka kwenye mkunjo hujificha gari likiwa chini na hufunguka linapopanda. Anza juu ya mfuko, pale mpira unapokutana na bamba la chuma. Shuka kwenye mkunjo wa chini unaojiviringisha juu ya bakuli. Kisha kiungio cha paipu, kisha valvu. Mvujo mkubwa hupuliza povu mbali kabla halijajikusanya. Ule mdogo hutengeneza kichungu cha povu jeupe laini kinachokua taratibu kama kichuguu, na unahitaji kusubiri nusu dakika au zaidi kabla ya kusema hakuna kitu.

Mpira wenye nyufa nyembamba za juu juu, kama ngozi ya kisigino, si lazima uwe unavuja. Nyufa zinazoonyesha nyuzi za ndani ni habari nyingine. Mfuko huo umekwisha hata kama povu halijatokea. Angalia pia sehemu iliyong'aa kwa kusuguliwa na hosi, bolti au tairi, na kokoto zilizonaswa kati ya mpira na bakuli. Barabara za kuingilia mashambani hupeleka kokoto nyingi hapo. Oili na grisi hulainisha mpira na kuumaliza, kwa hiyo fundi anayepaka grisi kwenye mfuko "usikauke" anaufupishia maisha.

Ukikuta mfuko umechanika ingawa si mzee, angalia shokomzoba za ekseli hiyo kabla ya kufunga mpya. Kwenye semi nyingi shokomzoba ndizo zinazozuia ekseli isining'inie kupita kiasi gari linaporuka shimo. Zikikatika, mfuko unavutwa mpaka kwenye mwisho wake kila shimo, na mfuko mpya utakwenda njia ya ule wa kwanza.

Mara nyingi sana, lakini, povu litatokea kwenye paipu za plastiki na viungio vyake. Paipu hizo husukumwa ndani ya kiungio na kushikwa na meno madogo, na ndani kuna mpira mwembamba unaozuia upepo. Ikiwa imekatwa mshazari, au ina mkwaruzo pale mpira unapokaa, itavuja hata kiungio kiwe kipya. Kata upya kwa kisu kikali, iwe wima kabisa, ondoa sehemu iliyokwaruzika, sukuma mpaka igote, kisha ivute kidogo kuhakikisha imeshika. Hilo dereva makini anaweza kulifanya mwenyewe, baada ya upepo kutolewa na chesisi kushikiliwa. Vipande vya paipu na viungio vya vipimo vya gari lako vinaingia kwenye mfuko mdogo, na havifanani na gharama ya kulala siku mbili njiani na nyanya.

Valvu inayosingiziwa

Upepo ukitoka mfululizo kwenye tundu la kutolea la valvu ya kusawazisha, hukumu ya haraka ni kwamba valvu imekufa. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba valvu inafanya kile inachoambiwa. Kifimbo chake kikigongwa na kisiki na kupinda, au kikichomoka, mkono hukaa mahali pa kusema "gari liko juu mno, toa upepo", na valvu inatii.

Njia ya kutenganisha mambo hayo mawili ni rahisi, ila ifanywe na mtu aliyesimama mahali salama, chesisi ikiwa imeshikiliwa. Kifimbo kinachomolewa kwenye mkono, na mkono unawekwa katikati, mahali ambapo upepo hauingii wala hautoki. Baadhi ya valvu zina tundu la kupitishia pini kuonyesha katikati hiyo. Mvujo ukikoma, valvu ni nzima. Tatizo ni kifimbo au kimo kilichorekebishwa vibaya. Ukiendelea mkono ukiwa katikati, ndani ya valvu kumechakaa au kumeingia uchafu, na hapo una sababu ya kununua mpya. Valvu nyingine huchelewa sekunde kadhaa kabla ya kuitikia ili zisipoteze upepo kila gari linapopita shimo, kwa hiyo subiri kabla ya kuamua.

Kuna dawa mbaya ya kienyeji: kuziba tundu la kutolea kwa kijiti au bolti. Mlio unakoma kweli. Lakini ukishusha mzigo, mifuko haina pa kupunguzia upepo, nyuma ya gari inabaki imeinuka juu ya mifuko iliyovimba, na breki na uimara wa gari vinabadilika. Dawa nyingine ya aina hiyo ni kufunga mkono kwa waya ili gari lisimame juu. Ukikuta waya huo kwenye gari unalotaka kununua, bei ishuke.

Magari yanayotumia umeme

Malori mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni hayana mkono wa kusukuma upepo moja kwa moja. Yana kihisi cha kimo, kompyuta ndogo, na valvu za umeme zilizokusanywa kwenye boksi moja, pamoja na rimoti ya kupandisha na kushusha gari. Swichi ikizimwa, mengi ya magari hayo hayaongezi upepo kwenye mifuko. Ndiyo maana mifuko inaweza kulala usiku huku mshale wa matangi ukiwa juu asubuhi.

Hapo usichanganye kushuka na kutopanda. Gari lililoshuka likiwa limezimwa lina mvujo wa upepo, na sabuni itaupata kama kwenye gari lolote. Gari lisilopanda likiwa limewashwa, matangi yakiwa yamejaa na povu halionekani popote, linahitaji mashine ya kusoma hitilafu, kwa sababu kihisi, waya au valvu ya umeme ndiyo inayotiliwa shaka. Kumwita fundi wa umeme kabla ya kupaka sabuni ni kuanzia mwisho.

Kabla ya kulaumu springi, kumbuka wadanganyifu wengine wanaotumia upepo ule ule: kiti cha dereva, mifuko midogo inayobeba kabini, honi, na mfuko wa kuinua ekseli ya ziada. Kiti kinachovuja kinaweza kushusha mshale kila usiku na hakuna anayekishuku, kwa sababu kila mtu ameinama chini ya chesisi.

Kama uko mbali na gereji

Mfuko uliotoboka hauzibwi kwa kiraka cha tairi. Nyuzi zilizo ndani ya mpira ndizo zinazobeba mzigo, na kiraka hakiziunganishi. Gari linaweza kusogea polepole likiwa limekalia vizuizi vya mpira vilivyopo kwa ajili hiyo hiyo, kwa umbali mfupi hadi mahali pa matengenezo, kama matairi hayagusi kitu, hosi za breki hazijabanwa, na upepo wa breki unajaa na kubaki. Sharti hilo la mwisho halina mjadala. Mshale usipopanda mpaka kiwango chake, gari linabaki hapo.

Kuna mizani pia. Mifuko iliyounganishwa hugawa uzito kati ya ekseli. Ikiishiwa upepo, ekseli moja inaweza kubeba zaidi ya wenzake ingawa hakuna gunia lililoongezwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari hupima ekseli kwa ekseli pamoja na jumla: ekseli tatu za pamoja zenye matairi mawili mawili zisizidi tani 24, na gari zima tani 56. Dereva aliyezima injini kwenye foleni ndefu ya mizani, mifuko ikavuja na yeye akasogea bila kuipa muda wa kujaa, anaweza kukutwa na kosa ambalo hakulipakia.

Na kompresa inayojaza upepo unaovuja siku nzima haipumziki. Inapata joto, inaanza kupitisha oili pamoja na upepo, kikausha upepo kinalemewa, na maji na oili vinafika kwenye valvu za breki. Ukifungua vali za chini za matangi asubuhi na kukuta yanatoka maji mengi au uji wa oili, mvujo umeshakuwa wa muda mrefu kuliko unavyokumbuka.

Baada ya matengenezo, osha sabuni kwa maji safi, jaza upepo, rudia kipimo cha dakika moja na uandike namba kwenye daftari la gari pamoja na tarehe. Pima kimo cha chesisi jioni, pande zote mbili. Kisha liache lilale na mzigo wake, na uamke kabla ya utingo ukiwa na futi mkononi.